Jina la kisima halina karatasi

Faili lilirudi kwenye saa nne usiku, nimeshashusha chandarua, simu ikalia nikaifungua palepale. Kurasa tisa nilizotuma wiki mbili nyuma zimejaa alama nyekundu pembeni na kila alama ina neno moja tu: chanzo? Nikahesabu, zilikuwa 17. Mwanzoni nilidhani mhariri kaikataa kazi nzima, kumbe hapana, nilipotulia nikaangalia zimekaa wapi nikaona zote ziko kwenye majina ya Chimakonde, lugha ya kwetu. Nimeandika Ruvuma, kimya. Nimeandika Newala, Mahuta, Masasi, kimya, hakuna aliyeuliza. Nimeandika jina la kisima ambacho ukoo wa mama yangu wamechota maji miaka nenda rudi, jina ambalo bibi analitamka bila kufikiri kama anavyomwita mtoto wake, hapo ndo likaja swali: chanzo?

Kazi yenyewe ilikuwa kitabu cha marejeo kuhusu maeneo ya kusini, mi nikaombwa kipande cha majina ya asili upande wa uwanda wa juu, Newala na Tandahimba. Mhariri simtaji wala waliomtuma, na sina ugomvi nao. Ila usiku ule usingizi ulikata. Chimakonde hakifundishwi darasani, vibao vya barabarani haviandikwi kwa Chimakonde, fomu za serikali ni Kiswahili, sasa leo unaniambia nilete kitabu kinachothibitisha jina la kisima cha bondeni, kitabu hicho angekiandika nani? Nilikuwa na hasira kweli, nikaandika majibu marefu kwenye simu, nikayafuta, nikaandika tena, mwisho nikazima data nikalala.

Siku zilizofuata nikaanza kufanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya tangu mwanzo, yaani kuuliza yale majina ambayo hayakuwekewa alama, yenyewe chanzo chake ni nini.

Chukua Ruvuma. Sisi tunaandika Ruvuma, ng'ambo ya pili Msumbiji wanaandika Rovuma, mto ni ule ule na maji ni yale yale. Panda nao juu mpaka pale unapokutana na mto Lugenda, pale karibu na Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010. Upande wetu ni Mtambaswala, upande wao ramani za leo zinasema Negomano, lakini ukisoma habari za Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wa kamanda Lettow-Vorbeck walipovuka mwezi Novemba 1917 na kupigana na Wareno, vitabu vingi vinasema Ngomano. Irabu moja imeingia katikati na hakuna mtu aliyeulizwa chanzo cha hiyo irabu. Kuna mto mwingine huku mkoa wa Lindi, utaukuta Mbwemkuru, utaukuta Mbemkuru, utaukuta Mbwemburu, yote kwenye karatasi zenye mihuri. Hata Kilwa yenyewe, msafiri Ibn Battuta alifika pale 1331 akaiandika Kulwa, Wareno walipokuja wakaandika Quiloa. Kila mmoja aliandika alichosikia kwa sikio alilokuja nalo kutoka kwao.

Mi naona hapo ndo penyewe. Tunaposema jina fulani "lina chanzo" mara nyingi tunamaanisha kuna mgeni alipita, akamuuliza mwenyeji, mwenyeji akajibu kwa mdomo, mgeni akaandika kwa wino. Mdomo ukasahaulika, wino ukabaki. Yule mwenyeji aliyejibu ndo alikuwa chanzo, lakini kwenye kitabu anaandikwa mgeni.

Mfano ambao haunitoki kichwani ni Tendaguru, kile kilima cha huku Lindi walikochimbwa wale dinosari. Wajerumani walichimba pale 1909 mpaka 1913, mifupa zaidi ya tani 200 ikabebwa na wapagazi mpaka Lindi mjini ikapakiwa melini, na leo yule mkubwa kabisa amesimamishwa makumbusho ya Berlin. Tendaguru sasa ni neno la sayansi dunia nzima, miamba inaitwa kwa jina hilo na kuna dinosari mmoja anaitwa Tendaguria. Vitabu vinasema ni neno la Kimwera, maana yake kilima chenye mwinuko mkali. Mmwera gani alisema? Siku gani, alikuwa anajibu swali gani? Hilo halimo, na hakuna aliyeweka alama nyekundu. Angalau Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji ambaye jicho lake la mifupa walilitegemea sana, alikuja kukumbukwa 2007, dinosari mmoja akapewa jina Australodocus bohetii. Karibu miaka 100 baadaye. Aliyesema jina la kilima hajaandikwa popote.

Sasa turudi uwandani. Mwezi uliofuata nikapanda gari kwenda kwa bibi, nikakaa naye siku nne, na pale ndo nilijifunza kwamba hata mimi mwenye hasira zangu nilikuwa nimeyaandika majina vibaya.

Tuchukue jina linalojulikana, Kitangari ya huku Newala, maana la kisima la kwetu nitalieleza baadaye. Barabarani utakuta kibao kimeandikwa Kitangari na kingine Kitangali. Bibi anasema Chitangali. Nikamuambia bibi rudia, akarudia, nikaandika, akaniambia hapana hujasikia. Mi najua kusoma na kuandika, yeye hajui, lakini alikuwa ananisahihisha na alikuwa sahihi. Chimakonde kinavuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, inakaa, haikimbii kama kwenye Kiswahili. Halafu Chi yetu Kiswahili kinaigeuza Ki, ndo maana sisi tunasema Chimakonde na wengine wanasema Kimakonde. Halafu L inageuka R, sijui kwa nini makarani wa zamani waliona R ni safi zaidi. Na zile N mbili za mwanzo wa neno, kama Chinnima ambayo ni lahaja ya watu wa Newala, sikio la mjini linasikia M na N basi linaandika Mn. Ukishapitisha jina kwenye hayo yote linatoka upande wa pili limevaa kanzu ya Kiswahili, halafu hilo lenye kanzu ndo linaitwa jina rasmi na la bibi linaambiwa lilete ushahidi.

Cha ajabu (nilishangaa kwa dhati), Mjerumani mmoja, mtafiti Karl Weule, alizunguka Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, akakaa pia mahali akapaandika Chingulungulu, na Chi yake. Kwa hiyo wakati mwingine karatasi ya zamani ya mgeni imehifadhi sauti vizuri kuliko kibao chetu cha jana. Siikatai karatasi jamani, karatasi nyingine inatusaidia.

Sasa hapa ndo niseme kitu ambacho baadhi ya rafiki zangu wa kikundi cha utamaduni hawakukipenda nilipowaambia. Baada ya hizo siku nne nilibadilisha nusu ya msimamo wangu. Naamini kabisa majina ya lugha zetu yanahitaji chanzo. Yote. Na sababu ni kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma nikiwa chuo niliandika kwenye ukurasa wangu kuhusu kilima kimoja cha upande wa kwetu, nikasema jina lake maana yake ni mahali pa kulia, kwa sababu watu walilia pale wakati wa njaa. Nilikuwa nimeunganisha tu, neno la kwanza linafanana na neno hili, la pili linafanana na lile, nikapata hadithi tamu na watu wakaipenda. Baada ya hapo kijarida kimoja cha wageni wanaokuja kutembea kikaichapa. Safari hii nikamuuliza mjomba wangu, jina la kile kilima maana yake nini, akaniambia kwa uhakika kabisa, mahali pa kulia, watu walilia pale wakati wa njaa. Nikamuuliza mjomba ulisikia kwa nani, akasema ipo imeandikwa, akanyanyuka akaniletea kijarida.

Nilijisikia vibaya sana. Hadithi yangu ya kubuni imetoka kwenye simu yangu ikapita kwa wageni ikarudi nyumbani kwetu imekuwa mila. Bibi nilipomuuliza akasema yeye hilo hajawahi kulisikia, kilima kinaitwa vile basi, jina ni jina. Mjomba naye ni mtu mzima, anaheshimika, mtafiti akija kesho atamrekodi mjomba na kuandika "kwa mujibu wa wazee".

Na si kwetu tu. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala kwenye Wikipedia ya lugha ya Kiskoti yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hiyo lugha haijui, alikuwa anabadilisha maneno ya Kiingereza yafanane na Kiskoti, miaka na miaka, na hakuna aliyeuliza. Lugha ndogo haina watu wengi wa kukagua, kwa hiyo uongo ukiingia unakaa. Huo ndo ukweli ambao sisi watetezi wa lugha zetu tunapaswa kuukubali, lugha yenye wasomaji wachache inahitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Kwa hiyo mi nadhani ugomvi wangu na mhariri tulikuwa tunauchanganya. Kwenye jina moja kuna mambo matatu yamefungwa pamoja. Kwamba watu wa pale wanapaita hivyo, hilo ni jambo la kusikia, ukienda ukawasikia watu wawili watatu wanaoishi pale wanasema, umemaliza, hakuna profesa anayejua zaidi yao. Jinsi ya kuliandika, hapo unahitaji mtu anayeijua lugha na tahajia yake. Lakini maana, yaani jina limetoka wapi na kwa nini, hapo ndo pagumu na hapo ndo penye uongo mwingi. Angalia Mikindani tu hapa jirani, wengine watakuambia ni mikinda, minazi michanga, wengine watakuambia ni mikindu ile ya kusukia mikeka, na kila mmoja ana uhakika. Jina Mikindani halina shida hata kidogo, maana yake ndo ina shida. Mhariri wangu aliweka alama moja kwa yote matatu, na mimi nikatetea yote matatu kwa nguvu moja. Wote tulikosea.

Kisima sasa. Bibi alizaliwa mahali ambapo leo hakuna kijiji. Watu walihamishwa miaka ya 70 kwenye operesheni ya vijiji, wakasogezwa barabarani, nyumba zikabaki mahame. Mtu wa Newala au Tandahimba anaelewa ninachosema, unapita porini unakuta miembe imejipanga na mikorosho mikubwa na vigae vya vyungu chini, hapo palikuwa na watu. Vijiji vipya vingi nchini vikapewa majina ya wakati ule, Umoja, Azimio na kadhalika, majina mazuri, siyadharau. Lakini majina ya zamani hayakuhamishwa na watu kwenye matela, yalibaki kule. Kilichoyaokoa ni korosho. Mikorosho ina wenyewe, kila mwaka lazima urudi kupalilia, kupulizia na kuokota, na ukirudi lazima useme unakwenda wapi. Kwa hiyo mjukuu ambaye hajawahi kuishi kule anajua jina la kipande cha babu yake kwa sababu ya korosho. Ila jina la kisima halina korosho. Mabomba yalipofika hakuna tena anayeshuka bondeni kuchota, na wanaolijua jina lile sasa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Tulikwenda asubuhi, bibi, mimi, na binamu yangu mwenye pikipiki akambeba bibi mpaka mwisho wa njia, halafu tukatembea polepole. Simu nimeweka kwenye rekodi mfuko wa shati. Bibi alikuwa anataja majina tunavyopita, hakusubiri swali, hapa panaitwa hivi, pale kwenye mwembe alikaa fulani, huku tulikuwa tunapita usiku na mienge ya nyasi kwenda kupanga foleni ya maji. Nilikuwa nimemuandalia maswali 20 kwenye daftari, sikuuliza hata moja. Alipofika juu ya bonde akasimama akanyoosha mkono akasema jina la kisima, mara moja, akavuta ile irabu, kisha akanyamaza kama dakika mbili hivi. Kwenye rekodi unasikia upepo tu na binamu yangu anakohoa.

Kuna sehemu moja akanikataza. Tulipita mahali, nikauliza bibi hapa panaitwaje, akaniambia, kisha akasema hilo usiliandike. Palikuwa mahali pa likumbi zamani, pa kuwaweka wavulana wa jando, na jina lake halisemwi ovyo. Lile jina lilikuwa kwenye faili langu la kwanza, nililisikia kwa mtu mwingine nikaliandika bila kujua. Nimelitoa mwenyewe. Kwa hiyo kati ya zile alama 17, moja ilinisaidia kwa njia ambayo mhariri hakuiwazia, angenyamaza lile jina lingechapwa.

Kurudi kijijini nikamtafuta mzee mwingine aliyehama kutoka kule kule, sikumuambia bibi kasema nini, nikamuomba tu anitajie. Majina mengi yaligongana na ya bibi sawasawa. Mawili hayakugongana. Moja ilikuwa ni matamshi tu, yeye kwao wanasema tofauti kidogo. Lakini moja walitofautiana kabisa, bibi anasema jina hili, mzee anasema hilo ni jina la upande wa pili wa bonde. Nikawakutanisha jioni, shikamoo zikapita na kahawa ikanywewa, wakabishana vizuri tu kwa heshima, hakuna aliyelegeza.

Kuna watu duniani wameshapita njia hii na sioni kwa nini sisi tuanze upya. New Zealand sheria yao ya 2008 inaipa bodi ya majina ya kijiografia kazi ya kukusanya majina ya asili ya Kimaori ili yaingie kwenye ramani, yaani ni wajibu wa bodi kuyatafuta, hawakai ofisini wanasubiri Mmaori alete karatasi. Kanada mji uliokuwa unaitwa Frobisher Bay ukarudishiwa jina lake Iqaluit mwaka 1987, mahali penye samaki wengi, na 2009 ofisi ya waziri mkuu wao ikaliandika kwa kuongeza u moja, kwa Kiinuktituti ikawa tusi la watu wasiojisafisha. Herufi moja. Atakayeniambia tahajia ya lugha ndogo si jambo la kupigania nitamuonyesha hilo. Na 2011 mwandishi wa India, Achal Prabhala, na wenzake walikwenda kurekodi wenyeji huko India na Afrika Kusini, rekodi zile zikatumika kama chanzo cha makala za Wikipedia kwa Kimalayalam, Kihindi na Kisepedi. Palitokea ubishi mkubwa kama mdomo wa mtu ni marejeo, na ubishi haujaisha mpaka leo, lakini njia ilionyeshwa kwamba inawezekana, mtu anarekodiwa, rekodi inawekwa mahali inaposikika, mwenye shaka anasikiliza mwenyewe.

Hicho ndo nilichomrudishia mhariri. Kila jina nimeandika nani kasema kwa ridhaa yake, amezaliwa wapi, aliishi pale au alisimuliwa, kasema kwa lugha gani, tarehe, na dakika ya ngapi kwenye rekodi. Nilipopata mtu wa pili nimeandika. Pale bibi na mzee walipotofautiana nimeweka majina yote mawili na nani kasema lipi. Maana nimezifuta karibu zote, nikabakiza tatu ambazo neno lenyewe bado linatumika kila siku na wazee wote wawili walilieleza sawa bila kuwachokoa. Ile ya mahali pa kulia nimeifuta, na kwenye ukurasa wangu nimeandika kwamba niliibuni mimi. Kijarida siwezi kukirudisha.

Alipiga simu, hakuandika. Tukaongea karibu saa nzima. Akasema chanzo cha namna hii anakikubali kuliko baadhi ya vitabu alivyonavyo mezani, na akaniuliza kitu nikakipenda, Ruvuma na zile nyingine zisizo na alama, naweza kumsaidia kuziwekea chanzo na zenyewe? Nikasema naweza. Majina 13 yameingia. Moja nimelitoa mwenyewe, hilo nimelieleza. Mawili yanasubiri mtu wa pili. Na moja ndo lile la bonde.

Kwa hiyo naomba msaada wenu. Kama una bibi au babu, mjomba, shangazi, yeyote aliyehamia barabarani miaka ya 70 kutoka mahame ya kati ya Kitangari na Mahuta, muulize mabonde ya kule yalikuwa yanaitwaje kila upande, wa jua kuchomoza na wa jua kuzama. Usimtajie jina lolote kwanza, mwache aseme yeye. Rekodi kwa simu hata kama ni ya kitochi, mwombe ruhusa, na kama kuna jina atakalosema lisiandikwe, zima rekodi.